Makala kutoka Nyankunde

“Unauzisha makala?” mama mwenyeji wangu aliniuliza, akanitazama viatu, kisha mikono, kisha begi, kama anayetafuta masizi.

Nilikuwa nimemjibu kwa Kiswahili changu cha Tanga kwamba kazi yangu ni makala. Huku Ituri, mashariki ya Kongo, makala ni mkaa. Yeye mwenyewe alikuwa ameinamia mbabula, jiko la bati, akiipepea kwa mfuniko wa sufuria huku sombe, yaani kisamvu, ikichemka taratibu. Nikaeleza kwamba naandika magazetini. Akacheka hadi akauweka mfuniko chini. “Aa, ya kuandika! Mi niliwaza ya kuwasha moto.” Tangu saa ile mpaka naondoka Nyankunde nikawa Papa Makala, na watoto wa ua ule hawakutaka kujua kama nina jina jingine.

Nilifika kwake nikiwa na begi lenye laptopu, na ndani ya laptopu mlikuwa na majini.

Majini hao nilikutana nao mara ya kwanza Ngamiani, kwetu Tanga, kwenye kibanda chenye PlayStation 3 moja na khanga kuukuu mlangoni. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5, gemu ya mapigano na kutisha ambayo kasha lake lilibandikwa 18, yaani watoto wakae mbali. Pale kibandani hakuna aliyeulizwa umri. Uliulizwa hela ya nusu saa. Shujaa anaitwa Chris Redfield, askari Mmarekani mwenye mikono minene kama mchi wa kinu. Mwenzake ni Sheva Alomar, binti wa Kiafrika. Wanaingia mji wa kubuni uitwao Kijuju, ambao gemu inasema uko Afrika Magharibi. Wenyeji wa Kijuju wamelishwa vimelea, macho yamewaiva, wanakuja na mapanga na shoka. Gemu inawaita Majini. Na siku ile walipofungua midomo, kibanda kizima kilinyamaza, kisha kikaangua kicheko: walikuwa wakipiga kelele kwa Kiswahili.

Kicheko kilikuwa na haki yake. Kiswahili kimefikaje Afrika Magharibi? Na jini wa kwetu Tanga ana ukoo, ana mji anakotoka, ana ubani na chano chake, na wapo majini wacha Mungu kuliko jirani zangu wengi. Capcom walichukua neno, wakaziacha adabu zake. Si mara ya kwanza kwao. Katika gemu iliyotangulia, ya 2005, wanakijiji wa Hispania walipewa Kihispania chenye lafudhi ya Meksiko. Kiwandani lugha ni rangi tu. Unachovya brashi kwenye kopo lililo karibu.

Lakini ule ukimya wa kabla ya kicheko nimekaa nao miaka mingi. Ilikuwa sauti ya lugha tuliyoitiwa chakula cha jioni, imewekwa kwenye vinywa vilivyotengenezwa ili vipigwe risasi. Ndiyo maana mwuguzi mmoja niliyefahamiana naye Kampala aliponialika kwao, Nyankunde, akasema ni milimani, ni mbali, na kila mtu anasema Kiswahili, nilikubali kabla hajamaliza. Nilitaka kwenda mahali Kiswahili kilikofika kwa miguu ya watu.

Ndege ndogo ya kutoka Entebbe huvuka Ziwa Albert, kisha ghafla ukuta wa bonde la ufa unainuka mbele yake, nayo inaupita kama mtu anayeruka kizingiti. Juu ya ukuta ule nchi inatulia: majani, vilima, ng’ombe, mabati yanayometa. Hiyo ni Bunia, mji mkuu wa Ituri tangu jimbo hili lilipozaliwa upya mwaka 2015. Bunia ina vumbi jekundu na haraka ya mji wa dhahabu, nami sikukaa.

Nyankunde iko kama kilomita 45 kusini-magharibi. Hizo ni kilomita za ramani. Za barabarani huhesabiwa kwa kuuliza: mvua imenyesha? Barabara iko muzuri? Nani amepita leo? Tangu Mei 2021 Ituri inatawaliwa na wanajeshi badala ya raia, na vikundi vyenye silaha havijaisha. Kimoja cha upande huu kinaitwa Chini ya Kilima. Jina la kumbembelezea mtoto. Mwenye pikipiki wangu alilitaja mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaja deni, kisha akarudi kwenye mazungumzo yetu juu ya bei ya matairi.

Na barabara yenyewe, ikiwa muzuri, ni ya kuiombea iwe ndefu zaidi. Upande unakotoka ni nyika, majani yanalala na upepo kama nywele zilizochanwa. Mbele yako, kuelekea Komanda, kijani kinakolea mpaka kinakuwa cheusi. Ndipo msitu wa Ituri unapoanza. Nyankunde imekaa pale nyika na msitu wanaposalimiana. Kando ya njia magunia ya makala yamesimamishwa mawili-mawili, vichwa vyao vimefumwa kwa majani, kama wazee wanaosubiri gari. Ndizi zimening’inizwa. Mbuzi hawapishi mtu.

Sikio la mtu wa pwani likisikia Nyankunde husikia kunde, nami nilitegemea mashamba yake. Nilikuta maharagi, mihogo, mahindi, na miembe mikubwa iliyopandwa na watu waliokusudia kukaa. Hii ni chefferie ya Andisoma, nchi ya Wabira, na majirani zao ni Wangiti na Wahema. Kila mmoja ana lugha ya nyumbani. Kiswahili ni cha uwanjani: cha soko, cha kanisa, cha hospitali, cha kutongozea. Kinakunywa herufi na kuongeza nyingine. Watu ni batu, vitu ni bintu, “niko nakuja” ni mtu aliye njiani kweli. Siku ya kwanza niliwasahihisha kimoyomoyo. Siku ya pili niliona aibu. Siku ya tatu nilimsikia mkunga akimtuliza mzazi kwa Kiswahili hicho, maneno mafupi, yamerudiwa-rudiwa, laini kama khanga iliyofuliwa sana, nikatambua kwamba sarufi yangu isingemsaidia mama yule kitu.

Hospitali ndiyo moyo wa mji. Hata ukipotea, fuata watu waliobeba masufuria. Kituo cha Matibabu cha Kiinjili, ambacho kila mtu anakiita kwa herufi zake za Kifaransa, CME, kilianza katikati ya miaka ya 1960. Uasi wa Simba wa 1964 ulikuwa umetawanya madaktari wa misheni kaskazini-mashariki yote, na waliporudi waliamua kukusanya nguvu mahali pamoja. Mmoja wao alikuwa Carl Becker, daktari Mmarekani aliyekuwa Kongo tangu 1929 na aliyeshatibu wakoma wengi Oicha. Mwingine alikuwa Helen Roseveare, Mwingereza, ambaye waasi walimshika na kumtesa mwaka 1964, naye akarudi mwaka 1966 kufundisha wauguzi. Ndege ndogo za MAF zilitua kwenye kiwanja cha majani na kuwapeleka madaktari kwenye hospitali za mbali msituni. Kwa miaka mingi, mgonjwa aliyeshindikana kwingine aliambiwa: mupeleke Nyankunde.

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia vilima. Wodi ni za matofali, ndefu, za chini, na nyuma yake kuna kijiji kingine kizima, kijiji cha ndugu wa wagonjwa. Kila mgonjwa ana mtu wake wa kumpikia. Mbabula zimepangwa mstari, moshi unapanda pamoja na ukungu hadi huwezi kuvitenganisha, na harufu ni ya makala, mikaratusi na samaki wakavu wa Ziwa Albert. Wanawake waliofahamiana jana wanaazimana chumvi. Mzee mmoja, mguu wake umefungwa plasta, alikuwa akifundisha watoto wa watu asiowajua kusuka kamba. Mahali fulani waliimba, sauti nne, bila ala. Nimeona hospitali zenye vifaa kuliko hii. Sijaona nyingine ambayo mgonjwa ana majirani.

Sasa usiku ule wa majini.

Mama alikuwa na mpwa wake, kijana anayesomea uuguzi Bunia, amekuja likizo. Aliijua gemu kwa jina, hajawahi kuicheza. Tukakaa barazani, laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikampa pedi. Chris akaingia Kijuju. Wanaume wakamtazama kwa macho ya kushuku, mlango ukafungwa, na ndani ya nyumba moja wakaonekana wakimlisha mtu kidudu kwa nguvu. Kisha wakaanza kupiga kelele.

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo. Mama alisimama na mwiko mkononi, hakututazama sisi, alitazama giza la barabarani.

“Banapiga nani?”

“Hapana, shangazi. Ni muchezo tu.”

“Muchezo gani ya kulia vile?” Akasikiliza kidogo. Kioo hakukiona kutoka pale. Alisikia tu wanaume wengi, usiku, wakisema Kiswahili cha kuua. “Funga ile sauti.”

Nikaifunga. Akabaki amesimama kwa muda, kisha akarudi kwenye sombe yake. Sikumwuliza kitu, na mpwa wake alitikisa kichwa kunionya nisiulize.

Tukaendelea bila sauti, na hapo lilitokea jambo ambalo sikulitarajia: gemu ikawa nzuri zaidi. Nasema kwa haki. Waliobuni walithubutu kuleta kitisho mchana kweupe, wakati kitisho cha kawaida hujificha gizani. Jua la Kijuju linakuumiza macho. Ukitoka ndani kwenda nje kila kitu kinang’aa kwa sekunde kadhaa kabla ya kuona nani amekungoja. Kila mchezaji ana nafasi 9 tu za kubebea vitu, na dunia haisimami ukiwa unapekua mfuko, basi unachagua: risasi au dawa? Na kilicho bora kuliko vyote, imetungwa kwa ajili ya watu wawili. Kule Ngamiani tuliicheza wawili-wawili, kioo kimekatwa nusu, na nimeona maadui wa mpira, mtu wa Coastal na mtu wa African Sports, wakigawana majani ya dawa ya mwisho kwa maneno matamu ambayo hawajawahi kuambiana kabla wala baada.

Mpwa wa mama aliicheza peke yake, kompyuta ikimwongoza Sheva. Ndipo aibu za gemu zikajitokeza. Sheva wa kompyuta ana moyo wa huruma na akili ya kuku: ukikwaruzwa kidogo anakimbia kukumwagia dawa ya mwisho, ukifa kweli yuko kwenye kona anapigana na ukuta. Shujaa naye hawezi kutembea huku akifyatua. Lazima asimame wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Wapo wanaosema kusimama huko ndiko kunaleta hofu. Kunaleta hasira. “Yaya, huyu ni commando ya wapi?” kijana aliniuliza, na sikuwa na jibu.

Tukavuka mgodi, tukafika kwenye vinamasi. Hapo wenyeji wanatokea na mikuki, vinyago na sketi za majani. Hata kabla gemu haijatoka, tangu picha zake za 2007, palikuwa na kelele Marekani. Mwandishi N’Gai Croal alikuwa miongoni mwa waliosema wazi kwamba picha za Mzungu akipiga risasi kijiji cha Waafrika zina historia nyuma yake ambayo watengenezaji hawakuiona. Kijana hakujua habari hizo. Alicheka sketi, akasema baridi ya Nyankunde ingewamaliza kabla ya risasi.

Alichokiwekea umakini ni kitu kidogo ambacho wachezaji wengi hukiruka: shajara ya kijana wa kijijini, imeachwa huko vinamasini. Nilimtafsiria kutoka Kiingereza, kwa sababu Majini wanaua kwa Kiswahili lakini wanaandika shajara kwa Kiingereza. Kijana yule anaeleza jinsi watu wa kampuni walivyokuja kuwachanja, wakisema ni kinga ya ugonjwa, na jinsi baada ya chanjo wanaume walivyobadilika na kijiji kikafa. Kwa maoni yangu hayo ndiyo maandishi bora ya gemu nzima: kwa mara ya kwanza mtu wa Kijuju ana siku, ana hofu, ana mwenzake anayemwonea wasiwasi.

Kijana wa Nyankunde alinyamaza, kisha akaweka pedi chini.

“Hii hadisi naijua,” alisema.

Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, ikaingia Ituri, na ilipotangazwa kuisha Juni 2020 walikuwa wameugua watu 3,470 na kufa 2,287. Eneo la afya la Nyankunde nalo liliguswa. Safari hii chanjo ilikuwepo, na ilifanya kazi. Dada mkubwa wa kijana huyu alikuwa kwenye timu ya kuchanja. Vijiji vingine viliwapokea kwa mawe, na maneno waliyotupiwa pamoja na mawe yalikuwa yaleyale ya shajara: sindano ya Wazungu ndiyo inayoleta ugonjwa, kampuni inataka ardhi, watu wafe. Dada yake alijifunza kufika bila koti jeupe. Alikaa kwanza, akasalimia, akakubali chakula, akamwacha bibi wa nyumba amtukane mpaka achoke, halafu ndipo akafungua boksi la barafu. Nyumba moja ilimchukua siku tatu. Katika gemu ile dawa ni jani la kijani ukilichanganya na jekundu. Sekunde moja, mtu amepona.

Simlaumu aliyetunga shajara. Kongo ina kila sababu ya kuogopa kampuni zinazokuja na zawadi. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantali, madini yanayotoka kwenye koltani na kuingia ndani ya simu na mashine za gemu kama ile ya Ngamiani, ilipaa ghafla, na mashariki ya nchi hii ililipa sehemu ya bei hiyo kwa namna ambayo hakuna risiti. Ila mtunzi wa Japani alikuwa akibuni hofu ya kuchezea wikiendi. Dada yule alikuta hofu hiyohiyo imekaa mlangoni, ikiwa na mtoto mgongoni.

Asubuhi, tukichambua sombe, mama alinisimulia mwenyewe, bila kuulizwa, na kwa ufupi. Ya kwake nayaacha kwake. Yaliyoandikwa ni haya. Mwishoni mwa Agosti 2002, wapiganaji wa Kihema na wa Kibira walishambulia Songolo, wakaua Wangiti wengi. Tarehe 5 Septemba wapiganaji wa Kingiti na wa Kilendu pamoja na askari wa kundi la APC wakaja Nyankunde. Waliua kwa siku kadhaa, nyumba kwa nyumba na wodi kwa wodi, wakichagua kwa kabila. Wagonjwa waliuawa vitandani. Human Rights Watch walihesabu wafu wasiopungua 1,200. Waliosalia walitembea siku nyingi msituni hadi Oicha na Beni, wauguzi wakibeba wagonjwa, na hospitali ikaendelea kuishi uhamishoni Beni, huku ile ya hapa ikiwa imeporwa mpaka milango.

Hakuna aliyelishwa kidudu. Wauaji walikuwa na macho ya kawaida, na wengine mama aliwajua majina ya mama zao. Hapa ndipo Resident Evil 5 inaponishinda kuisifu, kuliko kwenye sketi na mikuki: inakupa uovu usio na jirani, usiohitaji kesho kukutana sokoni. Nyankunde ilipata ule mwingine. Miaka iliyofuata watu walianza kurudi, mmoja, wawili, familia. Wakaezeka wodi moja, wakafungua chumba cha upasuaji, kisha kingine. Leo Mngiti anajifungulia hapa, Mbira anajifungulia hapa, Mhema pia, na mkunga anasema maneno yaleyale mafupi. Amani bado ni ya kuulizia asubuhi kabla ya kwenda shamba. Mama ana begi dogo lililofungwa nyuma ya mlango, lenye vyeti na nguo mbili. Nililiona nikitafuta ufagio, nikajifanya sikuliona.

Nyuma ya wodi, jioni ya mwisho, nilipanda mlima kidogo na kijana. Chini yetu mbabula zilikuwa zinawashwa, moja baada ya nyingine, nukta nyekundu zikiongezeka gizani. Alizihesabu kwa sauti mpaka zikamshinda.

Siku ya kuondoka mama alikuwa na mzigo. Binti yake yuko Bunia, na makala ya Bunia, alisema, ni maji tupu, inawaka kwa kulalamika. Kwa kuwa mimi ndiye Papa Makala, basi nitampelekea gunia moja. Nilitaka kusema kitu juu ya laptopu yangu, nikakumbuka niko kwa nani. Gunia lilifungwa nyuma yangu kwa mpira wa tairi, begi likabanwa katikati, na kwa kilomita 45 kila shimo la barabara lilinimwagia vumbi jeusi shingoni.

Binti alinipokea mlangoni akicheka. Simu ya mama ilikuwa imenitangulia. Hakuniuliza safari. Aliinua gunia kwa mkono mmoja, akalitikisa, akatega sikio kama mtu anayesikiliza nazi.

“Imevunjika-vunjika,” akasema. “Lakini ni ya Nyankunde.”